Onyesho la Mwisho Kiambere

Walisema sitavuka mto Thuci na gitaa. Kwa watu wa Makutano hiyo ilikuwa namna ya kusema kwamba muziki wangu utaishia Meru, maana ng'ambo ya daraja la Thuci ni Embu, na Embu wana waimbaji wao. Kinyozi aliyekuwa na kibanda karibu na steji ya matatu ndiye aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote, wembe ukiwa shingoni mwangu.

"Mtu akienda kwa wazungu huimba kizungu," alisema. "Wewe utaimba Kimeru, akusikie nani? Ng'ombe wao?"

Waliokuwa kwenye benchi walicheka. Sikujibu kwa sababu ya wembe. Baadaye niliimba Kampala, Dar es Salaam, Hamburg, Rotterdam na Copenhagen, kote kwa Kimeru na Kimbeere, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyekata tiketi.

Hakuna aliyenibeba kufika hapo. Baba alikuwa na kahawa kidogo na watoto wengi. Nilikwenda Ujerumani kwa jasho langu, nikawa ninaosha sahani katika jiko la hoteli asubuhi na kukaa darasani mchana, nikarudi na diploma ya ufundi wa kurekodi sauti. Katika Meru nzima sikumjua mwingine aliyekuwa nayo, na mpaka leo sijaonyeshwa. Watu walitarajia nirudi na gari. Nilirudi na masanduku mawili ya waya na maikrofoni. Mama aliyafungua, akatazama, akayafunga tena.

"Umekaa huko miaka yote hiyo ukarudi na waya?" aliuliza. Hakuwa amekasirika. Alitaka kujua tu.

Nilikodi chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Makutano, nikabandika trei za mayai ukutani, nikasimamisha godoro mlangoni, nikaanza kazi. Malori yakipita nilisimamisha mashine, yakiisha nikaendelea. Nyimbo zote za kaseti niliyoitoa humo nilizitunga mwenyewe, nikazirekodi mwenyewe, hata picha ya jalada niliipanga mwenyewe. Mbili kati yake zilihitaji sauti ambazo Makutano hazikuwepo. Mama ni Mmbeere wa Kiambere, na likizo zangu za shule ziliishia huko, nikichunga mbuzi wa kaka yake. Mke wa mjomba huyo aliongoza kikundi cha wanawake walioimba kwenye harusi na kanisani. Niliwapelekea mashine yangu na betri ya gari, nikawarekodi uani kwao, kuku wakiwemo. Wimbo mmoja ulikuwa juu ya nyaya za umeme zinazotoka kwenye bwawa la umeme la huko na kupita juu ya boma la mjomba, naye ndani anasoma Biblia kwa kibatari. Mjomba aliusikiliza wote, akasema kibatari changu kimesahau kutoa moshi. Nikaongeza ubeti wa moshi.

Kaseti iliuzika. Nikaandikia marafiki niliosoma nao, na mmoja wao akanitafutia kumbi ndogo ndogo Ulaya. Chakula na kitanda wangenipa wao. Kufika kulikuwa juu yangu.

Basi nikakopa. Silifichi kwa kuwa nililipa. Mfanyabiashara wa miraa wa hapo Makutano alinipa pesa za Kampala na Dar, ambako nilipanga kuanzia. Mwalimu wangu wa darasa la sita, mama aliyestaafu na kuishi Kaaga, aliniazima koti zito la sufu alilonunua akiwa masomoni Uingereza.

"Vifungo viko upande wa kushoto, kijana," alinionya. "Wazungu watajua ni la mwanamke."

"Mwalimu, baridi haitajua."

"Hebu geuka nione mgongo. Haya. Nenda hivyo hivyo, na usile nalo samaki."

Pesa za nauli ya ndege hazikutosha, na pengo likazibwa na mjomba. Alitenga mbuzi kumi na wawili majike, wote wakiwa na mimba, tukawasukuma mpaka soko la Ishiara, ambako mwenye mimba hupata bei nzuri kuliko mwingine. Tulipomaliza kuuza, alinishika mkono.

"Ukirudi utanirudishia kama walivyokuwa."

"Nitakurudishia na zaidi, Mjomba."

"Zaidi sijaomba," alisema, akaenda kununua chumvi.

Kampala walicheza mpaka viti vikasogezwa ukutani. Dar es Salaam walikaa na kusikiliza, na mzee wa mstari wa mbele alinisahihisha Kiswahili changu mara mbili, kwa upole, halafu akanunua kaseti. Hamburg niliimba katika ghala la zamani ambalo bado lilinuka kahawa, nikajiona karibu na nyumbani. Niliwasalimu "Muga!" nikawafundisha kuitikia, na waliitikia vizuri kuliko nilivyotarajia. Kisha nikaanza kuimba wakanyamaza. Kwetu mtu akikupenda anakuita jina katikati ya wimbo, anakuja mbele, anakubandika noti kwenye paji la uso. Wale walikaa kama watu walio kwenye mtihani. Wimbo wa kwanza niliumaliza nikidhani nimeshindwa. Ndipo makofi yakaja, yakakataa kwisha. Tangu hapo sikuogopa kimya chao tena. Nyuzi za gitaa ndizo zilinisumbua, maana baridi ilizilegeza na kuzikaza inavyotaka, nikawa ninalilaza gitaa chini ya koti la Mwalimu mpaka dakika ya kupanda jukwaani. Gazeti moja la Rotterdam liliandika kwamba nina sauti ya mtu asiye na haraka. Nililikata, ninalo.

Katika zile nyimbo mbili nilifungulia mkanda wenye sauti za wanawake wa Kiambere, nikaimba juu yake. Kila mji, onyesho likiisha, watu waliuliza juu yao kabla hawajauliza juu yangu. Copenhagen bibi mmoja alinijia akiwa na mkalimani.

"Anauliza kama wale wanawake wamekufa," mkalimani alisema.

"Hapana. Wako nyumbani wanalima ndengu."

Bibi alimgeukia mkalimani, akasema tena.

"Anauliza, kama wako hai, kwa nini umekuja na mkanda?"

Maswali yote ya ziara ile niliyajibu isipokuwa hilo. Nikiwa kwenye ndege ya kurudi niliamua ziara haitaisha mpaka nisimame nao wale wanawake ana kwa ana, niimbe zile nyimbo mbili bila mkanda. Nilipofika Nairobi nilichapisha mabango: onyesho la mwisho la ziara, Kiambere, uwanja wa shule ya msingi. Niliyabandika Makutano, Embu mjini, Ishiara na Kiritiri. La Makutano nililibandika kwenye mlango wa kinyozi.

Nilimwendea mjomba nikiwa na bahasha. Hesabu niliifanya kama benki inavyofanya: bei ya mbuzi kumi na wawili siku tuliyouza, faida ya muda wote, na nyongeza ya heshima juu. Niliona nimefanya jambo la mtu aliyesoma. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda akisuka kamba, mke wake na wenzake wawili wakichambua ndengu kwenye ungo. Nilimpa bahasha kwa mikono miwili. Alichungulia ndani, akairudisha juu ya goti langu.

"Hii ni nini?"

"Deni lako, Mjomba. Na zaidi."

"Mbuzi wangu walikuwa na mimba," alisema. "Hizi zina mimba?"

Wanawake waliangua kicheko.

"Mwekee zizini tuone," mke wake alisema. "Labda zitazaa sarafu."

"Mjomba, kwa pesa hizi utanunua mbuzi unaotaka."

"Mimi nilikupa mbuzi. Wewe ndiye uliyewafanya pesa. Wafanye mbuzi tena." Alivuta kamba, akaikaza. "Na hawa hawataimba na wewe. Katika boma hili mwenye deni haimbi. Akiimba, watu watasema anamchezea aliyemkopesha."

Nilimtazama mke wake, kwa kuwa kikundi kilikuwa chake.

"Usiniangalie mimi, baba," alisema. "Hao mbuzi nilikuwa ninawakama."

Niliwajua watu wa mama. Mbuzi wa kukopeshwa hurudi mbuzi, na mwenye mimba hurudi na mimba, kwa sababu aliyetoa alitoa na wale waliokuwa tumboni. Nilikuwa nimelijua hilo tangu nikichunga. Kuishi ng'ambo kulikuwa kumelifunika tu. Nilichukua bahasha yangu, nikazunguka na rangi nyeusi nikifuta tarehe kwenye mabango.

Ilikuwa kiangazi. Ishiara ilijaa mbuzi, lakini mwenye mimba hakuna aliyekubali kumtoa, kwa maana kila mtu alitegemea mvua na maziwa yatakayofuata. Mtu mwingine angekata tamaa, au angemtuma mzee wa kanisa aombe msamaha. Mimi nilinunua majike vijana kumi na wawili wasio na mimba, wazima, mmoja mmoja, nikiwakagua meno na kwato mwenyewe. Nilikodi kiwanja chenye ua wa miiba nje kidogo ya soko, na nikakodi beberu. Asubuhi niliwachunga, jioni nilipiga gitaa nimekaa juu ya pipa la maji. Barua ya rafiki yangu wa Hamburg ilinikuta hapo, ikiuliza ziara imeishaje. Nilimjibu kwamba bado iko njiani.

Kinyozi wa Makutano alikuja sokoni kununua mbuzi wa kuchinja, akanikuta na fimbo.

"Si huyu ni mwanamuziki wa kimataifa?" aliwaambia aliokuja nao. "Rotterdam wanajua unamchungia nani beberu?"

"Huyu beberu nimemkodi," nilimwambia. "Ana mkataba, analala na kula kwangu, akimaliza kazi anaenda mji mwingine. Ni kama mimi."

Alicheka mwenyewe kuliko wote. Hakuninunulia hata soda.

Mvua ilinyesha, nyasi zikaota, na majike wakaanza kumkwepa beberu, dalili kwamba wameshika mimba. Nilingoja mpaka matumbo yakaonekana bila kushikwa. Kisha nikachapisha mabango mapya, nikachagua siku moja ya kumaliza madeni yote, maana sikutaka nionekane nalipa kwa vipande.

Asubuhi ya siku hiyo nilianza Makutano. Mfanyabiashara wa miraa alihesabu pesa zake mbele ya kibanda cha kinyozi, kwa kuwa nilimwomba tukutane hapo. Kaaga, Mwalimu alilikagua koti lake, akalinusa kola, akasema, "Samaki hakuna," akaniletea chai. Nilivuka Thuci na gitaa mgongoni. Ishiara niliwapakia mbuzi kwenye pikapu, tukashuka Kiambere taratibu, dereva akilaumiwa na mimi kwa kila shimo.

Watu walikuwa tayari wamejaa uwanja wa shule. Nilimwambia dereva apite, aende mpaka kwa mjomba. Mjomba alisimama langoni mwa zizi. Alimshika kila mbuzi tumbo kwa viganja viwili, akamwachilia aingie, akamshika mwingine. Mke wake na wenzake walikuwa wamevaa kanga za kufanana, ngoma ikiwa chini miguuni mwao, na hakuna aliyeigusa. Mbuzi wa mwisho alipoingia, mjomba alipitisha mti wa lango mahali pake, akafuta mikono kwenye suruali.

"Ni kama walivyokuwa," alisema.

Mke wake aliinua ngoma, akaikaza kwapani, akanigeukia.

"Haya, baba. Tunaanza na upi?"

"Wa nyaya," nilisema.

Akaanza kuupiga pale pale zizini, kabla sijalitoa gitaa mgongoni, na tukaenda uwanjani tukiuimba.