Mupira wenye uliangukia Mama

Leo Mama yangu amepigiwa makofi na uwanja muzima.

Tulimupeleka kuona baseboli, huku Amerika. Muchezaji akapiga mupira juu sana, ukaangukia moja kwa moja katika kitenge cha Mama.

Akaukumbatia.

Ninyi majirani wa mutaa wa Mikelenge munamujua. Kule Kindu, mupira wa watoto ukiingia katika parsele yake, pale nyumbani, haurudi.

Mulinzi wa uwanja akakuja. Nikamuambia, "Mama, rudisha, watatufukuza."

"Umeangukia kwangu, njo wangu."

Nikatafsiri kwa haya. Mulinzi akacheka: hapa sheria njo hiyo hiyo, mupira ukikuangukia ni wako.

Wakamuonyesha Mama kwenye ekrani kubwa, ameinua mupira.

Sasa anauliza nani kati yenu alikuwa anamuita mwizi. Mujibu hapa chini, anasoma mwenyewe.