Ng'ombe Aliyesingiziwa Mguu wa Baba

Ng'ombe yule alisingiziwa. Nalisema hilo mwanzoni kabisa kwa sababu kwetu, upande wa Nkoma, bado wapo watu watakaokuambia kwamba baba yangu aliuawa na teke la maksai, na mmoja wao ni kaka yangu. Teke lilikuwepo. Nililiona kwa macho yangu. Tulikuwa tunaanza kulima shamba la pamba, baba ameinama kufunga mnyororo wa plau, yule maksai mwekundu akarusha mguu nyuma akampata kwenye ugoko. Ugoko wa kulia. Mguu uliokuja kumlaza kitandani ulikuwa wa kushoto, tena juu, pajani, karibu na nyonga.

Nilipomwambia kaka jambo hilo, alinijibu bila hata kugeuka kwamba maumivu hutembea.

"Yanatoka mguu huu yanaingia huu?" nikamuuliza. "Yanavukia wapi?"

Akasema shule ilinipa mdomo, akili haikunipa, na ushahidi ninao mgongoni.

Ushahidi wenyewe ulikuwa na miezi minne na ulikuwa umelala. Baba yake alikuja na malori ya wanunuzi binafsi, msimu ule wa kwanza wa soko huria, wakati mizani ya ushirika ilipoanza kuota kutu na kila mwenye lori akawa mnunuzi wa pamba. Lori liliondoka na pamba, naye akaondoka na lori. Sina cha kuongeza hapo.

Kwa hiyo nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mtoto, na sauti isiyozidi ya kuku katika mji wa baba yangu. Mama alikwisha kufariki. Wenye kuamua walikuwa wawili: kaka, na sengi, yaani shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa akiishi nasi na kujua kila mila ya ukoo wetu na nyingine nadhani alizitunga mwenyewe.

Sasa nieleze jambo ambalo wote wanne tulilijua na hakuna aliyelisema. Miaka miwili kabla ya teke, nikiwa bado shuleni, baba alipasuliwa tumbo Mwanza. Walikata kipande cha tumbo wakakitoa. Alirudi amekonda kama mti wa kiangazi, lakini alirudi. Sengi akachinja mbuzi mweupe, akampulizia baba maji kifuani, akatangaza kwamba ugonjwa umefungwa. Kwetu ugonjwa ukishafungwa hautajwi. Ukiutaja umeuita, nao una masikio. Na ili ufungike vizuri, sengi alichukua makaratasi yote ya hospitali, akayafunga kwenye kitambaa cheusi na kuyachomeka kwenye nyasi za paa, juu ya kitanda cha baba.

Mimi nilikuwa nimeyasoma kabla hayajapanda huko. Kiingereza changu kilitosha. Palikuwa na neno la saratani, na palikuwa na sentensi iliyosema mgonjwa arudi kuonwa kila baada ya miezi mitatu. Hakurudi hata mara moja. Angerudije, wakati ugonjwa haupo?

Maumivu ya paja yalianza kidogo kidogo baada ya teke. Kwanza alisema ni uchovu. Kisha akaacha kukaa kwenye kigoda. Kisha usingizi ukamkimbia, hata shuka likimgusa anauma meno. Tukampeleka Bariadi hospitalini. Daktari, kijana mpole aliyeonekana hajalala tangu juzi, aliuliza mgonjwa amepata kuugua nini zamani. Kaka akajibu haraka kwamba mzee hajawahi kuugua, ni teke tu la ng'ombe. Daktari akaniangalia mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimefungua mdomo. Baba akanishika kifundo cha mkono. Hakunibana. Alinishika tu.

Nikafunga mdomo.

Nimewakasirikia watu wengi katika maisha yangu, na bado ninawakasirikia, lakini dakika ile ni yangu mwenyewe na simwachii mtu. Nilikuwa najua. Daktari aliandika teke, akatupa vidonge vya teke, tukarudi nyumbani na mguu wetu.

Ndipo wakamleta muunga mifupa. Alikuwa mzee mfupi kutoka upande wa Kalemela, mwenye vidole vinene kama viazi, na sifa zake zilimtangulia: wavuvi walioteguka, wakulima walioanguka na mikokoteni, wote aliwanyoosha. Alimsalimia baba kwa heshima, mwadila, akajibiwa mhola, yaani salama, ingawa mhola haikuwepo. Akampapasa mguu. Akasema nyonga imehama kidogo, ataivuta irudi mahali pake. Akaomba mtu mwenye nguvu amshike mzee mabega. Kaka akapanda nyuma ya baba. Sengi akasimama na bakuli la maji. Mimi nilikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, mahali panaponistahili.

Muunga mifupa akashika kisigino kwa mkono mmoja na goti kwa mwingine. Baba hakumtazama yeye. Hakumtazama kaka. Alitazama juu, kwenye paa, penye kile kitambaa cheusi. Akabaki anakitazama.

Sikupanga chochote. Nilijikuta nimepanda kitandani na miguu yangu yenye udongo, mtoto ananing'inia mgongoni, nimeingiza mkono kwenye nyasi. Vumbi na mavi ya panya vikatumwagikia wote. Kaka akauliza kama nimerukwa na akili. Sengi alinyoosha mkono kunishika gauni.

"Ukifungua hicho," akasema, "unamfungulia baba yako kaburi."

"Kaburi mlishalifungua siku nyingi, sengi. Mimi nafungua karatasi."

Nikazifungua palepale, nimesimama kitandani kama mwanasiasa kwenye lori. Nikasoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha nikasema kwa Kisukuma ili pasiwe na wa kusingizia kwamba hakuelewa. Kwamba alipasuliwa. Kwamba ilikuwa saratani. Kwamba aliambiwa arudi na sisi tukamfungia kwenye nyasi za paa. Mtoto akaanza kulia, nikalazimika kupandisha sauti juu ya yake.

Muunga mifupa alikuwa bado ameshika mguu. Akauachia taratibu, kama mtu anayeweka chini chungu kilichojaa. Akamuuliza baba kama ni kweli.  Baba akapandisha shati, na lile kovu likaonekana, kutoka chini ya kifua mpaka kitovuni.

Mzee wa watu akalitazama. Kisha akamgeukia kaka.

"Mfupa uliovunjika naujua. Mfupa unaoliwa kutoka ndani, ningeuvuta ungebaki mkononi mwangu. Mlitaka mkanisingizie mimi?"

Akakusanya vitu vyake. Kuku aliyeandaliwa kwa ajili yake akamkataa. Mlangoni akaniambia mzee asiukanyagie mguu ule hata hatua moja mpaka uonwe na wenye mashine. Watu wanapenda kunisikia nikimtukana yule mzee ninaposimulia habari hii, kwa sababu nimesoma. Simtukani. Ndiye mtaalamu pekee katika mkasa wote aliyeuliza kwa nini hakuambiwa.

Kaka alitoka nje. Sengi alikaa sakafuni na bakuli lake. Baba akashusha shati, akaniambia, "Shuka kitandani kwangu, mayu, umenijaza udongo." Mayu ni mama, ndivyo alivyokuwa akiniita tangu utoto. Kisha akasema twende Mwanza.

Mwanza daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti kavu. Alipiga picha, akaibandika kwenye taa, akatuonyesha: juu ya paja, mfupa ulikuwa na matundu kama gunzi lililoingiliwa na wadudu. Alisema saratani ya tumbo ikihama mara nyingi hukimbilia ini. Kuingia kwenye mfupa ni nadra. Nikamuuliza ni nadra kwa nani, kwa sababu kwetu mgonjwa alikuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye iliyempata. Nilidhani atanifukuza. Akacheka kidogo, akasema swali hilo hata yeye hujiuliza. Halafu hakutudanganya. Kupona hakupo, alisema. Lililopo ni maumivu kupungua na mfupa kutovunjika, na kwa hilo inabidi mionzi, na mionzi iko Dar es Salaam tu.

Kaka akauliza tutafikaje Dar. Baba akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu akasema, "Muuzeni yule mwekundu. Si mnasema ndiye aliyenipiga? Basi alipe."

Maksai aliuzwa mnadani, mwenye afya tele, asiye na kosa lolote. Tukasafiri kwa treni, baba kalazwa kwenye benchi na mguu wake umezungushiwa mablanketi, mimi na mtoto sakafuni. Stesheni kaka alimbeba mgongoni kama mtoto, nami nikatembea nyuma nikishikilia ule mguu usining'inie. Hatukusemezana. Lakini alimbeba, na hilo nimeliandika kwa sababu ni haki yake.

Mionzi ilichukua siku chache. Ilimchosha, ikamtapisha. Tuliporudi nyumbani bado alikuwa anauma meno, nikaanza kufikiri tumemuuza ng'ombe bure. Wiki ya tatu nikaamka nikasikia anakoroma. Nililia kama aliyefiwa.

Baada ya hapo kazi ilikuwa yangu, na niliifanya kwa ubabe. Kitanda nilikiinua kwa matofali ili asiiname kukaa. Nilimkataza mtu yeyote kumgeuza kwa kumvuta mguu. Aliyetaka kumgeuza alinipitia mimi. Magongo mawili, kila siku, hata kwenda mlangoni. Dawa za maumivu daktari alisema zisisubiri maumivu, zitolewe kwa saa, na saa tulikuwa hatuna, kwa hiyo nilimpa kwa redio: taarifa ya habari ya asubuhi kidonge, ya mchana kidonge, ya usiku kidonge. Mpaka leo nikisikia ngoma ile ya taarifa ya habari mkono wangu unatafuta kikombe cha maji. Vidonge vile vinafunga choo, nikampa mapapai na maji mpaka akaniomba huruma. Choo cha baba yangu nilikijua kuliko cha mwanangu. Kuna watu waliosema haya ni aibu kwa binti. Niliwaambia waje wao.

Sengi alikuja mara moja tu kuniuliza kama karatasi zinarudi kwenye paa. Nilikuwa nimezitia kwenye mfuko wa nailoni na kuzitundika msumarini, pembeni ya redio, kila aingiaye azione. Akazitazama, akaenda zake. Kesho yake alileta papai.

Baba aliishi msimu mmoja wa pamba na nusu ya mwingine. Alikuwa akitembea kwa magongo mpaka zizini kuangalia ng'ombe waliobaki na kuwatukana. Mwishoni tumbo lilirudi na ini likafuata, akaenda. Mguu haukuvunjika. Alizikwa na mguu mzima.

Siku ya maziko, kaka ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, kuzaliwa, ndoa, watoto, mashamba. Akafika penye ugonjwa, akasoma kwamba marehemu alianza kusumbuliwa baada ya kupigwa teke na ng'ombe.

Nilitoka kati ya wanawake. Sikusubiri kupewa nafasi, nisingepewa. Nikasimama karibu na kaka, mwanangu sasa anatembea, ameshika kanga yangu, nikasema, "Hakupigwa na ng'ombe. Ilikuwa saratani ya tumbo, ikaingia kwenye mifupa. Tuliijua, tukaificha kwenye paa."

Watu wakaanza kunong'ona. Kaka alitazama karatasi yake. Mchungaji alikohoa kwa namna ya kunirudisha nilikotoka. Nikadhani yamekwisha, nikageuka kuondoka. Ndipo mbele kwenye mkeka, sengi, kitambaa cheusi kichwani, akapaza sauti bila kunitazama.

"Rudia. Wa nyuma hawakusikia."

Nikarudia.