Kilio cha Gita ya Chuma

Tangu utoto wangu Nakuru niliamini kwamba kwenye nyimbo za kantri za redioni kuna mwanamke anayelia nyuma ya mwimbaji. Miaka nilipokuwa nikishona nguo mtaa wa Satwa, huko Uarabuni, siku moja nikasikia kilio kile kile kwenye gereji ya jirani. Nikatoka mbio. Fundi mmoja Mfilipino alikuwa amelaza gita mapajani, akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi.

“Kumbe ni gita!” nikapiga kelele.

“Na mara nyingi wapigaji wake hawatajwi hata kwenye jalada la kaseti,” akasema. “Yalla, haya, jaribu.”

Mara ya kwanza nilitoa sauti ya paka aliyekanyagwa. Mara ya tatu nyuzi zikalia sawasawa. Nikacheka hadi nikaketi sakafuni penye grisi, wala sikujali.