Ufito wa Baba na Kima wa Malava

Enzi zetu barabara ilikuwa na mwenyewe. Sisemi serikali, kwa maana serikali haiamki saa kumi na mbili alfajiri kukagua mitaro. Nasema mtu mwenye jina, mwenye nyumba mnayoijua, ambaye shimo likitokea mbele ya kanisa mnamwendea na kumuuliza. Kipande cha barabara kuu kinachopita katikati ya msitu wa Malava, kuanzia kalavati ya chini hadi kilele cha mlima, kilikuwa cha baba yangu, Mzee Lutomia, kibarua wa idara ya barabara. Vifaa alivyokabidhiwa naweza kuvitaja hadi leo: jembe, sururu, mafyekeo mawili, toroli lenye gurudumu lililolia kama mtoto mgonjwa, na bendera mbili nyekundu za kusimamishia magari. Nimetumikia ofisi za serikali hadi kustaafu, na sijamwona mtu aliyetunza mali ya umma kama yeye. Naandika haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Wenzangu mliokulia Kabras miaka ile miwa ilipokuwa bwana wa kila shamba, mnakumbuka. Mahindi yalisukumwa hadi ukingoni mwa nyumba, miwa ikachukua kilichobaki. Nyumba za nyasi zilivaa mabati, baba wa watu walinunua baiskeli na kuzifunga vitambaa kwenye taa, na ingokho, kuku wetu, ikawa inaingia chunguni hata Jumapili isiyo na mgeni. Upepo ukivuma kutoka upande wa kiwanda cha sukari, darasa zima lilinuka molasi, na mwalimu wa hesabu alikuwa akisema kwamba ndiyo sababu tunasinzia. Tulikwenda shule pekupeku kupitia msituni, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, tumbo likiwa na obusuma, ugali wetu, na mrenda wa jana. Wajukuu wangu wakitumwa dukani wanauliza kama kuna bodaboda.

Peremende hatukuzijua. Peremende yetu ilikuwa muwa, na muwa mtamu kuliko yote ni ule uliochomolewa kwenye trela inayokwenda. Trekta za kiwanda zilipofika penye mlima wa msitu, na trela mbili nyuma zimejaa hadi juu, zilipoteza nguvu zikawa zinatambaa. Hapo ndipo tulipozisubiri, tumejificha mtaroni. Mimi ndiye niliyekuwa na mbio kuliko wote, nikampita hata kaka yangu Wafula, jambo ambalo hajanisamehe. Tanboi, yule utingo aliyekaa juu ya shehena, alitutukania mama na nyanya, akaturushia mabonge ya udongo, nasi tukacheka huku tumekumbatia miwa mirefu kuliko sisi.

Sasa niwaambie kuhusu wenyeji wa mahali pale. Msitu ulikuwa na mbega, wale wenye manyoya meusi na meupe kama mapadre wa misheni, ambao hawakutaka kabisa kukanyaga chini. Ulikuwa pia na kima, wenye udadisi zaidi. Wote walivuka barabara juu kwa juu, kwa sababu matawi ya upande huu na ya upande ule yalikutana hewani mahali saba. Nasema saba kwa kuwa nilipahesabu mara nyingi nikiwa nimelala chali mtaroni.

Sisi ndio tuliowafundisha kima kushuka. Tulitafuna miwa palepale kandokando ya barabara, tukatema makapi, na vile vipande vigumu vya chini tukawatupia ili tuwaone wakigombana. Katika muda wa msimu mmoja wakajua. Trekta iliponguruma chini ya mlima, matawi yalitikisika, na kundi zima likaja kukaa ukingoni pamoja nasi, kama wanafunzi waliochelewa. Kulikuwa na jike mmoja tuliyemwita Bibi Karani, kwa maana hakuwahi kula kipande kabla ya kukigeuza pande zote na kukikagua kana kwamba anatafuta muhuri. Mgongoni alibeba mtoto. Tulimpenda kuliko wengine wote.

Baba alituonya. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa kile chetu cha nyumbani. Alisema, "Mnyama wa juu akizoea chini, si yeye amekosa." Tuliitika vizuri, kesho yake tukarudi mtaroni.

Rekodi ziwekwe sawa: kipande kile nilikirusha mimi. Trekta ilikuwa imekwisha kupita na trela ya kwanza. Nikaona Bibi Karani amekosa, wakubwa wamemnyang'anya, nikamtupia kipande kizuri chenye maji. Hakikufika ukingoni. Kilianguka katikati ya barabara, naye akakifuata, akakiokota, akasimama kukikagua kama ilivyokuwa desturi yake. Trela ya pili ilimpata hapo. Mtoto aliruka au alirushwa, sikuona. Niliona tu kwamba amekaa ukingoni analia kwa sauti nyembamba, na kundi lote limekimbilia juu likimwacha.

Wenzangu walitimua mbio. Mimi nilibaki mtaroni. Baba alitoka kalavatini, akasimamisha magari pande zote mbili kwa bendera zake mbili, moja akiikita upande wa juu na nyingine akiishika mwenyewe, akanisukumia toroli. Hakunichapa. Ningependa angenichapa. Akasema, "Ukimwita mgeni, wewe ndiye unamfungulianga njia. Wewe umeita, hukufungua. Mtoe hapo." Nikamtoa, kwa mikono yangu, mbele ya madereva waliokuwa wakitazama. Tulimzika nyuma ya kalavati. Yule mtoto alikaa chini hadi jua likakaribia kuzama, kisha jike mwingine akashuka, akamchukua.

Tangu siku ile, kila saa kumi za jioni kabla ya msafara wa trekta kuanza, mimi na Wafula na wale wenzetu tulifagia barabara. Tulifagia makapi yote, na kila kipande kilichodondoka kwenye trela tulikibeba hadi nyumbani kwa ng'ombe. Watu walitucheka. Walimuuliza mama kama binti yake ameolewa na kima. Baba naye akasimama na bendera, kwa kuwa kundi lilikuwa limezoea kushuka na halingeacha kwa siku moja, akawavusha.

Dereva mmoja aliitwa Hamisi, mtu wa Mumias, mwenye kofia safi na salamu ndefu. Miwa ikishakatwa haingoji. Kila saa inapoteza sukari, na dereva aliyechelewa alipokewa kwa maneno makali langoni. Siku ya kwanza aliposimamishwa aliteremka akatazama juu na chini. Namsikia hadi leo.

"Asalaam aleikum, Mzee Lutomia. Umenisimamishia nani? Mtu simwoni."

"Mulembe, Hamisi. Ngoja. Bado wawili."

Hamisi akawatazama kima waliokuwa wakipita mbele ya magurudumu yake bila haraka yoyote, mikia juu. Akasema kwamba amewahi kusimama kupisha mkuu wa wilaya, amewahi kusimama kupisha maiti, lakini hawa hata kodi ya barabara hawalipi. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo hasa linalonifanya niandike: alirudi akazima injini. Mlimani, na trela mbili za miwa nyuma yake. Wawili waliobaki wakavuka. Kuanzia hapo ikawa desturi yake kuuliza kwa mbali, akiwa ametoa kichwa, "Bado wangapi?" na baba akamwonyesha kwa vidole.

Bila shaka mtu alishtaki. Msimamizi wa barabara alikuja kwa pikipiki akiwa na barua mbili. Ya kwanza ilisema kwamba baba anachelewesha miwa. Ya pili ilimwagiza akate matawi yote yanayozuia magari, kwa sababu shehena ndefu zilikuwa zikikwaruzana nayo. Baba alisoma hadi darasa la nne, lakini alisoma barua ile kama hakimu. Jioni yake alimwomba Hamisi alete shehena ndefu kuliko zote kiwandani. Akapima urefu wake kutoka barabarani kwenda juu kwa ufito wa mwanzi, akaongeza mkono mmoja kwa ajili ya trela kurukaruka kwenye mashimo, akafunga kitambaa chekundu kwenye ncha. Kisha kwa siku nne alitembea chini ya matawi, mimi nikiushika ufito wima kando yake. Tawi lililogusa kitambaa lilikatwa. Ambalo halikugusa lilibaki.

Msimamizi aliporudi aliona mahali saba bado matawi yamekutana, akasema kazi haijaisha.

"Barua imesema yanayozuia," baba akamjibu, akamsimamishia ufito. "Haya yanazuia nani?"

Msimamizi alitazama kitambaa, kisha matawi. Akapanda pikipiki yake. Baadaye, kima walipokosa chochote barabarani kwa miezi kadhaa, walirudi juu kwenye njia zao saba, na baba akakunja bendera. Nilikuja kuajiriwa karani katika idara ileile, na nawaambia kwa dhati kwamba yote niliyojua kuhusu kusoma barua ya serikali niliyajua kabla sijavaa viatu.

Nilipostaafu nilirudi Malava. Ufito ulikuwa ungali juu ya boriti za jiko, mweusi kwa moshi. Mwaka jana akaja mkandarasi na misumeno ya injini kupanua ukingo wa barabara. Nilisikia msumeno wa kwanza nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiacha mezani. Nilimkuta kijana mmoja amevaa kizibao kinachong'aa, mwenye heshima, sikatai. Aliniita mama, akanitolea kiti. Nilimwomba barua ya kazi. Akanionyesha kwenye simu.

Ndugu zangu, maneno yalikuwa yaleyale. Matawi yanayozuia magari. Nilimuuliza amepima kwa kifaa gani. Akasema hawapimi, wanasafisha. Nikamwambia neno kusafisha silioni katika barua. Nikausimamisha ufito, nikamweleza kuhusu shehena na mkono mmoja wa ziada, na kwamba kwa kipimo hicho hicho, kilichotosha trela za miwa, hakuna tawi hata moja lililozuia chochote. Kijana akatabasamu. "Mama, hiyo stori ni poa sana. Simama nayo hapo nikupige picha." Akanipiga picha. Kufikia jioni njia zote saba za kima zilikuwa chini.

Niliandika barua tatu, kila moja na nakala zake, nikiomba angalau kamba nene zifungwe kutoka mti hadi mti mahali pale pale, ili wapate pa kupita. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa na kijana aliyenipigia simu kuniuliza kwa nini sikuiweka kwenye mfumo. Kwa kazi yangu ya maisha, barua isiyojibiwa ni tusi lililopigwa muhuri.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, magari sasa husimama pale mlimani, familia nzima, ndizi na mandazi mkononi. Hurushia kima chakula barabarani, huwapiga picha, hucheka, huondoka. Kima wamejifunza tena. Wanashuka wakisikia gari linapunguza mwendo, kama walivyoshuka kwa trekta zetu. Wenye magari huniita nyanya kwa lugha yetu, wananiambia, "Kukhu, tunawasaidia, wana njaa." Sina subira na msaada wa namna hiyo. Najua mwisho wake ulivyo. Niliubeba kwa toroli. Sisi tulikuwa watoto wa miaka tisa na kumi, na tulipooneshwa tulifagia. Hawa wana leseni.

Kwa hiyo saa kumi za jioni nachukua ufagio na bendera. Bendera niliishona mwenyewe, maana zile mbili za baba alizirudisha ghalani siku aliyostaafu, zikiwa zimefuliwa. Nafagia maganda ya ndizi kutoka kalavati hadi kileleni, kisha nasimama. Wako madereva wanaosimama, siwezi kusema uongo. Wengi hupunguza mwendo, hushusha kioo, huniuliza nauza nini.

Wiki iliyopita nilikuwa nimehesabu kima kumi na tisa upande wa chini. Walivuka kumi na saba. Ikafika gari ndogo nyeupe, mpya, haina mzigo, haina haraka yoyote ninayoweza kuiandika. Kijana akatoa kichwa.

"Kukhu, unasimamishia nani? Sioni mtu."

Maneno yalifanana na ya Hamisi. Nikamwambia, "Ngoja, mwanangu. Bado wawili."

Hamisi alikuwa na trela mbili za miwa inayopoteza sukari, mlimani, na watu wakimsubiri langoni, naye akazima injini. Huyu alinizunguka kwa kushoto.

Jioni ile walivuka kumi na wanane. Toroli niliazima kwa jirani.