Dakika Tatu za Kuwaambia Kericho

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi, na hasira ya simu ile sijaimaliza mpaka leo.

Miaka ya sabini nilikuwa mhudumu wa zahanati karibu na Nyansiongo, pale Nyanza inapopakana na Bonde la Ufa. Wakubwa wa pande zote mbili walikutana, wakala nyama, wakakubaliana kwamba ugonjwa haujui mpaka: ukitokea huku, tuwaambie wa kule mara moja. Vizuri sana! Ila petroli ya pikipiki ya kupeleka habari, kila upande ulisema mwenzake ndiye atakayelipa. Pikipiki ikaota kutu. Tukabaki na simu ya posta, dakika tatu kila Ijumaa.

Ijumaa moja asubuhi tuliletewa watu saba kwa machela, macho yameingia ndani, wanahara maji kama ya kuoshea mchele. Niliujua ugonjwa huo. Wote walikuwa wamekunywa maji ya mto mmoja, na mto huo ulishuka hadi mashamba ya chai ya Kericho, ng'ambo ya mpaka, alikokuwa akichuma chai kaka yangu mkubwa na mkewe na mtoto wao.

Lakini mkubwa wangu alishatuonya: neno kipindupindu lisitamkwe kwenye simu kabla maabara haijathibitisha, tusije tukawatia watu wasiwasi. Nikatii. Dakika mbili nzima karani wa kule alikuwa akitafuta kalamu. Alipoipata, nikapaza sauti juu ya mkwaruzo wa waya: "Watu saba wanahara! Wanahara sana!"

"Sawa dada, nimeandika."

Kabla sijasema wachemshe maji, simu ikakatwa.

Jumamosi wenzangu Wasabato walienda kanisani, mimi nikabaki na wagonjwa, jicho barabarani. Hakuna gari la dawa lililopita kwenda ng'ambo. Jumapili vilevile. Jumatatu nikakimbia posta, nikapiga kwa pesa yangu mwenyewe.

"Ah, dada, nyinyi na malale yenu!" karani akacheka. "Wakubwa wanauliza, mbung'o gani huyo wa kukaa kwenye baridi hii ya chai?"

"Malale gani?"

"Si ulisema watu wanalala sana?"

Lo! Yule bwana alikuwa amekaa na sisi Wakisii miaka mingi. Alizoea l yetu kugeuka r, tukimwambia tunaenda kurara. Kwa mkwaruzo wa waya, wanahara yangu aliisikia wanarara, akanisahihisha kwa heshima zake, akaandika wanalala.

"Kipindupindu!" nilipiga yowe, posta nzima ikageuka. "Ni kipindupindu, wewe! Chemsheni maji!"

Gari lao liliondoka saa ileile, hapo siwalaumu. Lakini niliporudi zahanati nilimkuta kaka yangu kwenye benchi. Alikuwa amekuja kwa miguu, mtoto mgongoni. Tulimtundikia mtoto dripu, na baadaye akapona. Mama yake alikuwa amezikwa Jumapili kulekule shambani, kwenye ardhi ya watu, kama mtu asiye na boma.

Kaka hakulia. Alinitazama nikimfunga mtoto bandeji ya sindano.

"Dada," akaniuliza, "wewe ndiye wa zahanati. Ulijua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa," nikasema.