Nilivyompeleka Baba Mkwe Indonesia

Tulimzika baba mkwe, baharia mstaafu, huko Dundori, bara ya Kenya, mbali na bahari. Mimi mwalimu wa hesabu nikajitia kuonyesha waombolezaji jinsi alivyojua mahali meli ilipo. Nikasimamisha kijiti kando ya kaburi. Shemeji akashika saa ya marehemu, ambayo hakuwahi kuiondoa kwenye majira ya Greenwich, Uingereza, ili tofauti yake na adhuhuri ya alipo imwonyeshe yuko umbali gani mashariki au magharibi.

Kivuli kilipokuwa kifupi kabisa, yaani adhuhuri ya pale, shemeji akasema, “Saa tatu na nusu.”

Nikaandika 3:30, nikapiga hesabu, na mdomo ukatangulia akili: nikatangaza kaburi liko baharini, upande wa Indonesia.

Shemeji akanigeuzia saa. Mshale mfupi ulikuwa umepita tarakimu 9, si 3.

Mama mkwe, aliyemngoja mzee miaka yote ya safari zake, akaniuliza polepole, “Kwa hivyo hata leo hajafika nyumbani?”