Tangi la Fartun

Siku aliyohama nyumba ya Korane, Fartun alikuwa na hasira kali. Mali yake yote ilienea kwenye mkokoteni mmoja wa punda, pamoja na jiko, mabirika na gunia la unga. Tangi lilibaki. Lilibaki pale pale uani, jeusi, refu kumpita mtu, limejaa maji aliyoyanunua mwenyewe juzi.

Kuna atakayeuliza: tangi tu? Basi huyo aje akae Garissa wakati wa jua kali, mfereji ukitoa hewa badala ya maji, halafu aulize tena. Fartun alikuwa akiuza chai na mikate ya anjera kwa mafundi wa magari tangu mumewe alipokwenda Lafey kuoa mke wa pili na kusahau njia ya kurudi. Chai ni maji. Anjera ni maji. Vikombe huoshwa kwa maji. Asiye na tangi huamka kugombania mitungi, na akimaliza kugombana, wateja wameshakunywa chai kwa mwingine. Lile tangi ndilo lililokuwa likiwalisha wanawe. Alilinunua kwa afisa mmoja aliyekuwa akihamishwa, mtu mwenye haraka zake, na risiti haikuwako.

Korane alikuwa binamu wa marehemu baba yake, mzee mwenye ng'ombe huko Ijara na nyumba za kupangisha mjini. Siku Fartun alipohamia kwake alimwambia kwa adabu, kama mtu amwambiavyo ami yake, "Adeer, tuandike vilivyomo ndani, na vile nitakavyokuja navyo." Mzee alikunja uso mbele ya majirani.

"Unaniandikia mimi? Mimi na baba yako tulikula sahani moja. Andikiana na wageni!"

Wanawake waliokuwapo waliguna. Fartun akaona haya, akaomba radhi. Hebu fikiria, yeye ndiye aliyeomba radhi! Lakini ndivyo tulivyo. Tunaswali mara tano kwa siku, na Qur'ani yenyewe inatuamuru tuandikiane, ila mtu wa ukoo akitolewa kalamu huona ametukanwa. Kwa hiyo hawakuandika chochote.

Kisha Siyad, mwana wa Korane, akapata mchumba, na nyumba ikatakiwa kwa ajili ya arusi. Fartun hakubisha. Nyumba ni ya mwenyewe. Alileta vijana wamfungulie tangi, na hapo ndipo mzee aliposimama mbele yao na bakora yake.

"Tangi ni la nyumba," alisema. "Lilikuwapo."

Wakwe walishaliona, bwana. Walishalisifu. Angewaambiaje sasa kwamba ni la mpangaji?

Wazee wakaketi kuamua. Wakamwuliza Fartun shahidi wake ni nani, naye akamtaja Ramlo, jirani aliyemshikia bomba siku tangi lilipofungwa, aliyelowa pamoja naye huku wakicheka. Ramlo naye amepanga kwa Korane. Alitazama hina ya vidole vyake weee, kisha akasema yeye mambo ya uani hakuyaangalia. Fartun alimtazama mpaka yule mwanamke akajifunika uso kwa mtandio.

"Basi aape," Fartun alisema. "Adeer ashike msahafu, aape kwamba tangi nililikuta hapo."

Ungedhani amevua nguo hadharani. Mzee wa watu kuapishwa kwa sababu ya plastiki? Huna haya, binti? Wakamkemea, wakamnasihi, wakanong'onezana, na Korane muda wote akiangalia viatu vyake. Mwishowe wakaamua tangi libaki, kwa kuwa limefungwa kwenye nyumba, na Korane ampe Fartun mbuzi ili moyo wake utulie.

"Mbuzi?" Fartun alisema, tena kwa sauti. "Nipikie chai mkojo wake?"

Hakuna aliyecheka. Mbuzi alimwacha huko huko.

Alihamia chumba cha Arbia, mdogo wa mama yake, habaryar kwa Kisomali, kwa kodi nafuu ya kindugu. Arbia alimpokea mlangoni, machozi yakimlengalenga, akamnyooshea funguo. Fartun hakuzipokea. Alitoa karatasi na kalamu.

"Habaryar, kwanza tuandike."

"Tuandike nini?"

"Vilivyomo. Vyako na vyangu."

Uso wa Arbia ulibadilika. "Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Wewe uliyenibeba mgongoni."

Akaanza. Mlango wa chuma, wa Arbia. Kufuli, la Fartun. Kioo cha dirisha kimepasuka, na kiandikwe kimepasuka, asije kesho akaambiwa yeye ndiye aliyekivunja. Pipa la maji, la Arbia, linavuja. Arbia alimfuata nyuma amevuta mdomo, na kila kitu kilipotajwa alijibu, "Ndiyo, changu," kwa sauti ya mtu anayevuliwa heshima yake. Fartun aliisikia sauti hiyo na hakujali. Haya zake zilikwisha zote kwa Korane.

Wakafika kwenye kitanda, cha mbao nzito, kimechongwa kichwani.

"Kitanda," alisema huku akiandika, "cha Arbia."

Arbia alipangusa vumbi kwenye ubao wa kichwani.

"Habaryar. Kitanda ni chako?"

Arbia aliketi ukingoni mwa kitanda, kisha akainuka upesi. "Hicho ni cha mama yako," alisema. "Alikiacha kwangu alipolazwa. Alisema nikupe ukiolewa. Wewe hukuuliza, na mimi... nilikuwa nakutunzia."

Fartun alikuwa ameolewa, ameachwa, amelea watoto, na miaka yote hiyo amelala sakafuni. Alitaka kupiga kelele majirani wajae, na alitaka kulia, lakini aliinamia karatasi. Alilikata jina la Arbia kwa mstari uliokaribia kuitoboa karatasi, akaandika lake.

"Weka kidole hapa," alisema.

Arbia akaweka.